Mwanao Ana Nyota Ngapi? Namna ya Kuzisoma Orodha za Vipaji vya Futiboli ya Vyuo Marekani

Swali ni lilelile, liwe limetoka Columbus, Louisville, Boise au Dallas. Mzazi aliyezaliwa Kigoma, Bukavu, Mombasa au Bujumbura ana kijana wa miaka kumi na sita anayecheza futiboli ya Kimarekani shuleni. Mtu kamwonyesha orodha yenye jina la kijana, kimo chake, uzito wake, na nyota mbili. Au tatu. Au jina halimo kabisa. Basi mzazi anauliza: hizi nyota ni za kweli? Zikiwa chache, skolashipu ndiyo imekwenda? Na tukilipa, zitaongezeka?

Nijibu kwanza kwa kifupi. Ukichukua wachezaji elfu kwa pamoja, wenye nyota nyingi huwazidi wenye nyota chache, tena waziwazi. Kwa hiyo orodha si uongo. Lakini kwa kijana mmoja, huyo wako, haziaminiki kiasi cha kumwamulia maisha. Mlango wa chuo hufunguliwa na ofa ya kocha, na kocha ana macho yake mwenyewe. Muda wako, nauli yako na wasiwasi wako vielekeze huko.

## Nyota hutolewa na nani

Wazazi wengi hudhani nyota ni cheti cha serikali au cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Sivyo. Zinatolewa na kampuni za habari za michezo: 247Sports, ESPN na Rivals, ambayo mwaka 2025 ilinunuliwa na On3, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2021. Kampuni hizi huishi kwa matangazo na kwa ada za mashabiki wanaotaka kujua timu yao inamsajili nani. Hakuna chuo kinacholazimika kuzifuata.

Viwango vyenyewe husomeka hivi:

- Nyota tano. Ni wachache mno. 247Sports hulenga wachezaji wapatao 32 kwa mwaka, kwa kuiga nafasi 32 za raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL, ligi ya kulipwa.
- Nyota nne. Ni mia kadhaa tu nchi nzima. Vyuo vikubwa huwagombania.
- Nyota tatu. Hapa ndipo penye umati. Kuna anayekaribia nne na kuna aliyeponea chupuchupu kuwa na mbili, na wote wanaitwa nyota tatu. Tazama alama za namba zilizo nyuma ya nyota, usitazame nyota peke yake.
- Nyota mbili, au hakuna. Mara nyingi maana yake si kwamba kijana hafai, bali kwamba hakuna mtathmini aliyekaa akamtazama vizuri.

Kumbuka pia kwamba haiskuli za Marekani zina wachezaji wa futiboli zaidi ya milioni moja. Watathmini hawawezi kuwaona wote. Wanatazama video, wanakwenda kwenye kambi na mechi kubwa, wanaongea na makocha, kisha wanatazama ni vyuo gani vimeshatoa ofa.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko wazazi wanavyodhani. Kijana asiyejulikana akipata ofa ya Alabama au Ohio State, watathmini hurudi kuitazama video yake kwa jicho jipya, na nyota huongezeka. Mashabiki hulalamika kwamba huo ni upendeleo. Mimi naona ni jambo la kueleweka, maana kocha anayelipwa mamilioni ya dola ili asikosee amesema kijana huyu anafaa, na huo ni ushahidi. Lakini tazama mpangilio wake: ofa inatangulia, nyota inafuata. Mzazi anayehangaikia nyota ili apate ofa anavuta kamba kwa ncha isiyo yake.

## Wapi zinaaminika, wapi zinateleza

Kwa timu nzima zinaaminika sana. Mwandishi Bud Elliott amefuatilia kwa miaka mingi uwiano wa wachezaji wa nyota nne na tano katika kila chuo, na alichokiona ni kwamba karibu kila bingwa wa taifa alikuwa amesajili zaidi ya nusu ya wachezaji wake kutoka kundi hilo. Januari 2023, TCU, timu iliyofika fainali bila wingi huo wa nyota, ilikutana na Georgia iliyojaa nyota, ikafungwa 65 kwa 7.

Hata hapo kuna mipaka. Mwaka 2022 Texas A&M walisajili kundi lililopewa alama za juu kuliko makundi yote tangu 247Sports ianze kuhesabu. Msimu ule ule wakamaliza na ushindi mara 5 na vipigo 7. Wengi wa vijana wale walihamia vyuo vingine, na Novemba 2023 kocha Jimbo Fisher akaachishwa kazi kwa fidia iliyozidi dola milioni 75. Nao Indiana walitwaa ubingwa wa msimu wa 2025 kwa kikosi ambacho orodha za haiskuli hazikukitazama mara mbili.

Kwa mchezaji mmoja mmoja, chukua uteuzi wa NFL wa mwaka 2025. Aliyechaguliwa wa kwanza ni Cam Ward, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) ambaye alipomaliza haiskuli huko Texas hakuwa na nyota hata moja, na ofa yake ilikuwa ya Incarnate Word, chuo kidogo cha San Antonio. Wa pili ni Travis Hunter, ambaye wengi walimhesabu namba moja kati ya vijana wote wa mwaka 2022. Na Quinn Ewers, kwotabeki aliyepewa alama kamili, kitu ambacho hupatikana kwa nadra sana katika historia ya orodha hizi, alisubiri hadi nafasi ya 231.

Mtu akikuonyesha Ward tu, atakuaminisha kwamba nyota ni upuuzi. Akikuonyesha Hunter tu, utaamini ni neno la mwisho. Watazame wote watatu.

Kisha piga hesabu hii. Mwaka huo NFL ilichagua wachezaji 257. Wenye nyota tano ni 32 hivi kwa mwaka. Hata kama wote wangechaguliwa bila kukosa, na hilo halitokei, zaidi ya 200 wangetoka kwingine. Mwenye nyota tano ana bahati kubwa zaidi kuliko mwenye tatu, hilo halina ubishi, lakini wenye tatu na wasio nazo ni wengi mno hata idadi yao huwapita. Orodha ni kama utabiri wa mvua wa mkoa mzima: unaweza kuwa sahihi kabisa, na shamba lako lisipate tone.

## Vijana ambao orodha huwakosa

Sehemu hii inatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu watoto wa jamii zetu huangukia humu mara nyingi.

Waliochelewa kuanza. Kijana aliyefika Marekani akiwa na miaka kumi na minne, miguu yake ikiijua soka tu, hana video za darasa la 9. Hilo halimalizi habari. Ezekiel Ansah alitoka Ghana akaenda kusoma Brigham Young, na hakuwa amewahi kucheza futiboli hadi alipojaribu mwaka 2010 akiwa tayari chuoni. Mwaka 2013 alichaguliwa wa tano katika NFL.

Wanaoishi kusikotembelewa. Watathmini hujazana Texas, Florida, Georgia na California. Familia nyingi za Wakongo na Warundi zimepelekwa Idaho, Iowa, Maine na Kentucky. Kijana wa Portland, Maine, anaweza kucheza miaka minne bila mtathmini kukanyaga uwanja wake. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia Québec, nje kabisa ya nchi, na bado Michigan walimwona; mwaka 1996 alikuwa wa nane katika uteuzi wa NFL. Ila lazima awepo mtu wa kuhakikisha kijana anaonekana. Hiyo ndiyo kazi yako.

Wanaokua polepole. J.J. Watt alitoka haiskuli na nyota mbili, akaenda Central Michigan kucheza nafasi ya kupokea mpira. Akaondoka huko akajiunga na Wisconsin bila skolashipu, akaongeza mwili, akabadilishiwa nafasi kwenda safu ya ulinzi, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 11. Hakuna mtathmini angeliweza kuuona mwili ambao haukuwapo.

Wachezaji wa safu za mbele. Vijana wakubwa wanaosukumana katikati hawana takwimu za kung'aa, na miili yao hukomaa wakiwa na miaka ishirini na zaidi. Nyota zao hubadilika zaidi ya za wengine. Mwenye kimo na miguu myepesi asikatishwe tamaa na chochote kilichoandikwa akiwa darasa la 10.

Wapigaji mpira kwa mguu. Watoto wetu waliocheza soka huvutwa huku, na ni njia nzuri. Lakini orodha kubwa ni nadra kumpa mpigaji zaidi ya nyota tatu, hata awe bora nchini. Kambi maalumu za wapigaji zina nyota zao wenyewe, na nyota tano za kambi hizo si sawa na nyota tano za 247Sports. Akirudi nyumbani na tano, mpongeze, kisha uliza ni za nani.

## Ofa: hapa ndipo penye kazi

Nimeona familia zikifanya sherehe kwa jambo ambalo halikuwa ofa. Kocha akimwambia kijana "tunakupenda", hiyo ni salamu. Barua ya kumwalika kambini hutumwa kwa maelfu. Hata neno "tumekupa ofa" likitamkwa kwa simu, halimfungi mtu. Chuo kinaweza kuliondoa, na kijana anaweza kubadili mawazo, hadi siku ya kusaini.

Vyuo vikubwa hutoa ofa nyingi kuliko nafasi zilizopo. Baadhi yake ziko kwa masharti yasiyosemwa: zitakuwa za kweli endapo vijana watatu waliotangulia kwenye orodha ya kocha watakataa. Kwa hiyo mzazi aulize, kwa heshima lakini bila haya. Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu na kutomhoji, na makocha wanatumia adabu hiyo bila hata kukusudia. Hapa kuuliza si utovu wa adabu, na kocha mwaminifu hachukii.

Maswali ya kuuliza:

1. Mwanangu akikubali leo, mtampokea leo? Akijibu kwa kuzungukazunguka, ofa hiyo bado haijaiva.
2. Mnasajili wangapi wa nafasi yake mwaka huu, na yeye ni wa ngapi?
3. Skolashipu ni ya mwaka mmoja unaofanywa upya, au ya miaka yote? Inalipa chakula na malazi, au ada tu?
4. Akiumia, nini kinatokea kwa masomo yake?
5. Nani alimtazama? Kocha wa nafasi yake, au mfanyakazi wa ofisi aliyetumiwa video?
6. Wachezaji wangapi wa nafasi hiyo mmewachukua kwa uhamisho mwaka jana?

Swali la sita limekuwa zito. Tangu mfumo wa uhamisho ulipowekwa wazi mwaka 2018 na masharti yake kulegezwa baadaye, makocha wengi hupendelea kumchukua kijana wa miaka 21 aliyekwisha kujaribiwa chuo kingine kuliko wa miaka 18 anayehitaji kulelewa. Nafasi za wanaotoka haiskuli zimepungua. Kijana wa nyota tatu ambaye zamani angeenda chuo cha daraja la juu huenda leo akaanzia daraja la chini, akacheza, kisha akapanda. Cam Ward alipita njia hiyo: Incarnate Word, Washington State, Miami.

Ofa ya maandishi haiwezi kutolewa na chuo cha Division I, ngazi ya juu ya NCAA, kabla ya Agosti 1 ya mwaka wa darasa la 12. Anayekuonyesha karatasi ya "skolashipu rasmi" ya Division I kwa mtoto wa darasa la 10 anakuonyesha karatasi isiyo na nguvu.

## Hatua za kufuata

Darasa la 9 na la 10

- Masomo kwanza, na sehemu inayofuata ina sababu.
- Mwache acheze mchezo wa pili. Muda wa mita 100 au umbali wa tufe uliopimwa kwenye mashindano rasmi huaminiwa na makocha, kwa kuwa hauwezi kupambwa.
- Muda wa yadi 40 uliopimwa na mjomba kwa simu, usiutume popote.
- Andika kimo na uzito wa kweli. Shule nyingi huongeza inchi moja au mbili, na siku ya kambi kocha hupima mwenyewe. Inchi zilizopotea humfanya awe na shaka na mengine yote.

Darasa la 11

- Tengenezeni video fupi, dakika tatu au nne. Matukio bora matano yaje mwanzoni, maana wengi hawafiki mwisho. Kijana awekewe alama ili aonekane kabla mpira haujaanza. Muziki si lazima.
- Chagueni vyuo 25 hadi 30 katika ngazi tofauti: vichache vya daraja la juu la Division I, vingi vya daraja linalofuata, kisha Division II, Division III na NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo.
- Ujumbe uandikwe na kijana mwenyewe, kwenda kwa kocha wa nafasi yake na kwa kocha anayehusika na eneo lenu. Uwe na mwaka wa kuhitimu, kimo, uzito, wastani wa alama za darasani, video, na simu ya kocha wa shule.
- Mwombe kocha wa haiskuli apige simu. Neno lake lina uzito kuliko orodha yoyote, kwa sababu kesho atakuwa na kijana mwingine wa kumtetea na hawezi kuharibu jina.

Juni, kabla ya darasa la 11 na la 12

Huu ndio mwezi wa kambi za siku moja kwenye vyuo. Ukiwa na pesa za kambi mbili tu, usizipeleke kwenye kambi za maonyesho zinazotoa nyota. Zipeleke kwenye vyuo ambavyo kocha wa nafasi yake ameshajibu ujumbe na kusema atakuwepo. Dakika kumi mbele ya macho ya kocha anayeweza kutoa ofa zimewabadilishia vijana wengi mwelekeo.

Darasa la 12

Kusaini hufunguliwa Jumatano ya kwanza ya Desemba, kisha dirisha jingine hufunguka Februari. Vyuo vikubwa humaliza nafasi zao Desemba. Ambaye hajapata kitu asikae kimya hadi Februari. Desemba na Januari makocha huhama, nafasi hufunguka ghafla, na vyuo vya Division II vinakuwa ndiyo kwanza vimeanza kazi nzito.

## Darasani ndipo wengi hukwama

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimeona vijana wenye ofa mkononi wakizuiwa na karatasi za shule.

Division I inadai masomo 16 ya msingi yanayotambuliwa na NCAA, na wastani usiopungua 2.3 katika hayo. Masomo 10 kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Division II inadai wastani wa 2.2. Matokeo ya mitihani ya SAT na ACT hayatakiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuyataka.

Kwa watoto wetu mitego ni hii:

- Masomo ya Kiingereza kwa wageni. Yanaweza yasihesabiwe. Mwulize mshauri wa masomo akuonyeshe orodha ya masomo ya shule yenu yanayotambuliwa na NCAA. Kila shule ina yake, na iko wazi kwa kila mtu.
- Shule za kambi za wakimbizi na za nchi tulizotoka. Kama alisoma darasa la 9 Nyarugusu, Kakuma au Goma, mwaka huo nao huhesabiwa. Anza kutafuta nyaraka mapema. Jibu kutoka ofisi ya shule ya kambini linaweza kuchukua miezi.
- Tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikwa Januari 1. Majimbo mengi yana ukomo wa umri kwa michezo ya shule. Usijaribu kubadilisha tarehe ili kijana apate msimu mmoja zaidi. Udanganyifu wa nyaraka unaweza kugusa hadi hati zenu za kuishi nchini.
- Ada ya usajili NCAA. Familia zenye kipato kidogo zinaweza kusamehewa. Mshauri wa masomo ndiye anayethibitisha.

## Wanaokuja kuomba pesa

Watakuja. Kijana akishaandikwa mahali, hata kwa nyota mbili, simu huanza.

Kuna huduma halali zinazotengeneza video na kutuma ujumbe kwa vyuo kwa malipo ya mkupuo. Si haramu, lakini karibu kila wanachofanya kijana mwenye intaneti anaweza kukifanya mwenyewe. Hatari iko kwingine:

- Anayesema "nitachukua asilimia ya skolashipu" au "nilipe akipata". Malipo yanayotegemea kupatikana kwa skolashipu yanaweza kumpotezea kijana ustahiki wa kucheza. Kataa papo hapo.
- Anayeahidi nyota. Kampuni kubwa za orodha haziuzi nyota kwa wazazi. Anayekuuzia anauza nyota zake mwenyewe, ambazo hakuna kocha anazitazama.
- Anayetaka kijana ahame shule haraka ili "aonekane". Agosti 2021, timu iliyojiita Bishop Sycamore ya Columbus, Ohio, ilionyeshwa kwenye ESPN ikifungwa 58 kwa 0 na IMG Academy. Uchunguzi ukabainisha kwamba shule yenyewe haikuwa shule. Vijana waliokuwa wameahidiwa kuonekana walibaki bila masomo yanayotambulika. Kabla ya kuhamisha mtoto, nenda ukaone madarasa, ongea na mwalimu wa hisabati, na hakikisha jina la shule limo katika orodha ya NCAA.
- Anayetaka usaini mkataba wa "jina na sura" na mtoto wa miaka kumi na sita. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Kwa hiyo mawakala wameongezeka. Usisaini kitu ambacho mwanasheria wako hajakisoma, hata kama mletaji ni mtu wa kanisani au msikitini kwenu.

## "Lakini…"

"Lakini rafiki yake ana nyota nne na hafanyi mazoezi kama mwanangu." Inawezekana kabisa. Nyota hupima zaidi mwili na kasi ambavyo mtathmini anadhani vitafaa miaka mitatu ijayo. Bidii haionekani vizuri kwenye video. Makocha huiulizia, ndiyo maana humpigia simu hata mwalimu.

"Lakini nyota zake zimeshuka." Mara nyingi hazijashuka kwa kosa lake, wengine wamegunduliwa wakaingia juu yake. Kama ofa hazijaondolewa, endeleeni na kazi. Ofa zikianza kunyamaza, mpigie kocha wa shule siku hiyohiyo, maana huenda kuna tetesi ya jeraha au ya alama za darasani inayohitaji kurekebishwa.

"Lakini ana nyota tano, tufanye nini?" Tatizo lenu ni jingine: kuchagua bila kulewa sifa. Angalieni kocha wa nafasi yake amekaa hapo miaka mingapi na wachezaji aliowalea wako wapi. Na msiichukulie shahada kama jambo la baadaye.

"Lakini Division III haitoi skolashipu ya michezo, ni kupoteza muda." Sikubaliani. Division III, na hata vyuo vya Ivy League kama Yale na Harvard, havitoi skolashipu ya michezo, ila hutoa msaada kulingana na kipato cha familia. Kwa familia yenye kipato kidogo, msaada huo unaweza kuzidi skolashipu ya nusunusu ya Division II, ambako skolashipu 36 hugawanywa kwa timu nzima. Jazeni FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, kuanzia Oktoba 1 ya darasa la 12. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye kadi ya kijani wanastahili kuijaza.

"Lakini mpwa wangu anataka kuja kutoka Nairobi kwa ajili ya futiboli." Akija kwa visa ya mwanafunzi ya F-1, skolashipu anaweza kupokea, lakini sheria za visa hiyo zinambana sana kufanya kazi, na fedha za matangazo au malipo kutoka chuoni zinaweza kuhesabiwa kazi. Kabla hajapokea hata dola moja nje ya skolashipu, aende kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake na kwa mwanasheria wa uhamiaji, wala asitegemee jibu la kocha. FAFSA haimhusu. Masomo yake ya kidato cha kwanza hadi cha nne yatahesabiwa na NCAA kwa utaratibu wa wanafunzi wa kimataifa, kwa hiyo vyeti vyake vya asili aje navyo mkononi.